Masika ya Sahani za Kuazima

Mfunguo Saba 1330, tarehe 1, Jumatano

Leo tone la kwanza limeniangukia puani nikiwa bado kitandani. Basi masika yameingia, na mimi nimeamua kuyaandika. Marehemu baba aliacha karatasi tele, na katika nyumba hii yetu ya Mkomani karatasi ndicho kitu pekee tulicho nacho kwa wingi. Mama anasema mwanamke anayeandika kila siku atamaliza maneno ya kuzungumza na mumewe. Nimemjibu kwamba mume mwenyewe hayupo, kwa hiyo maneno yangu yako salama.

Nianze na dari, maana siku hizi dari ndilo lenye amri humu ndani. Boriti za chumba changu zimeoza. Fundi alikuja juzi, akazigonga kwa kidole, akasema hazitapita masika mengine, na alisema hivyo akitazama chini kama mtu aliyekuja kutoa pole. Tangu Serikali iwape uhuru watu waliokuwa wakitulimia shamba letu la bara, wameondoka, na ni haki yao, na shamba limerudi kuwa mwitu. Tangu hapo mama anakula kwa kuuza vitu mlango wa nyuma. Zilianza bangili, zikafuata sahani. Zile zidaka, vijishubaka vya ukutani ambavyo bibi alivijaza sahani za Kichina toka chini hadi juu, sasa humo wanakaa mijusi.

Kuna bwana mmoja amekwishauliza mara mbili kama tunauza. Hataki kukaa humu. Anataka mawe na mlango wa nakshi. Nyumba ni yangu, baba alinipa kwa maandishi kama baba wa hapa Amu anavyompa binti yake nyumba ya kuolewa. Sitaki ije ianguke mikononi mwangu.

Tarehe 3, Ijumaa

Bi Mwanamkisi amekuja. Yeye ndiye somo wa nusu ya maarusi wa mji huu, huwafunza na kuwapamba, na hakuna kabati toka hapa mpaka Shela asilojua kilichomo. Ameleta habari ya mchumba, Ridhwani bin Abdulqadir wa Shela, mtoto wa watu wa biashara ya boriti. Wana minazi, wana nyumba ya ghorofa, na mama yake, Bi Alawiya, hajapata kushika ufagio. Hivyo ndivyo alivyosema.

Alipoondoka mama akasema, "Tajiri," polepole, kama mtu anayeonja halua.

Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Na mwanamume mwenye boriti zake hatakubali kulala akinyeshewa, atalitengeneza dari. Nimemwambia mama kwamba basi mimi naolewa na boriti. Akasema boriti hazipigi wala hazioi mke wa pili. Nimekubali. Naolewa kwa ajili ya dari, na naliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Tarehe 5

Mvua. Nimehamisha kitanda.

Tarehe 6

Mvua. Nimekirudisha kitanda, kule ni kubaya zaidi.

Tarehe 8, Jumatano

Bi Alawiya anakuja Jumapili kuona nyumba. Mama hajala tangu asubuhi. Zidaka tupu zitamwambia mkwe kila kitu kabla hajaketi.

Bi Mwanamkisi akasema hilo halina shida. Mchana, watu wakiwa wamelala, amerudi na wanawake wawili na makapu yamefunikwa majani ya mgomba, na ndani yake sahani za Kichina, nzuri hata nikaogopa kuzishika. Nimemuuliza za nani. "Za watu wa heshima," akasema, "wasiozitumia kwa sasa." Alipotoka alichukua joho la baba, lile jeusi la tarizi ya dhahabu. Si mara ya kwanza, kila akipata bwana arusi asiye na joho hulichukua kwetu, na sisi huletewa mchele na sukari. Mama alilia kidogo kwa ajili ya joho, kisha akauliza habari ya sukari.

Nimezipangusa sahani mpaka magharibi. Moja kubwa, ina samaki wa buluu wanaozunguka ukingoni, na tangu nilipoitoa kapuni sikuiacha. Ilikuwa na ufa uliojaa uchafu wa miaka. Nimeusafisha kwa sindano nikauziba kwa chokaa na ute wa yai, kama bibi alivyonifunza. Ukingo una pengo dogo. Nimeiweka katika kidaka cha katikati na kuligeuza pengo liangalie ukuta. Najua si yangu. Lakini kuona kitu kizuri kikiwa kichafu hunitia hasira.

Tarehe 12, Jumapili

Amekuja. Najuta kuzaliwa.

Mvua ilikuwa imeanuka tangu alfajiri, tukadhani tumeokoka. Lakini dari huwa linaweka akiba. Bi Alawiya, mrefu, mkavu, mwenye macho ya kupekua, akakataa kiti alichoandaliwa akaketi pale pale penye tone. Likamwangukia begani. Akatazama bega. La pili likaja. Mama akauruka mkeka kama msichana, akauchukua mrashi wa marashi akaanza kumnyunyizia mgeni, kichwani, mabegani, mgongoni, huku akimkaribisha na kumsifu, mpaka haikujulikana tena lipi tone la dari na lipi la marashi. Bi Alawiya alikaa ameloa na ananukia.

Halafu akasimama kutazama zidaka. Alisimama muda mrefu. Akainua mkono akaigusa ile sahani ya samaki, akaupitisha ukucha wake penye ufa.

"Sahani hizi mnazo tangu lini?" akauliza.

"Za bibi wa bibi yake," mama akasema bila kupepesa.

"Mashallah," akasema Bi Alawiya. Hakugusa halua wala kahawa. Aliaga, akaenda.

Ameona umaskini wetu, nina hakika. Mtu mwenye vitu huwatambua wasio navyo hata wakijificha nyuma ya sahani. Mama amelala na kanga usoni.

Tarehe 14

Kimya kutoka Shela. Mvua ya kutwa.

Tarehe 16, Alhamisi

Wamekubali. Bi Mwanamkisi mwenyewe alionekana kushangaa. Mama amesali rakaa mbili za shukrani na ameshaanza kuzungumza juu ya boriti mpya kama mtu anayechagua nguo. Kesho, anasema Bi Mwanamkisi, bwana arusi atakuja kusali Ijumaa huku kwetu na atapita ndia yetu amevaa rasmi, nimwone kutoka dirisha la juu. Mimi sina hamu. Nitatazama kwa adabu tu.

Tarehe 17, Ijumaa

Niandike taratibu, maana sijui nicheke au nikasirike.

Walitoka msikitini kundi zima. Bi Mwanamkisi, aliyekuwa kando yangu dirishani, akanionyesha. Mwembamba, masikio makubwa kidogo, anatembea kama mtu aliyebeba trei yenye vikombe. Joho jeusi, tarizi ya dhahabu. Nikasema moyoni kwamba majoho ya watu wenye mali hufanana.

Mvua ikashuka ghafla. Wanaume wote wakakimbilia kwenye madaka, zile baraza za milangoni, wamejifunika majoho yao kichwani. Yeye peke yake hakukimbia. Alisimama katikati ya ndia, akalivua joho, akaligeuza ndani nje, akalikunja mara mbili kwa uangalifu na kulitia kwapani chini ya mkono, kisha akaenda zake kanzu imemgandama na maji yanamchuruzika masikioni. Watu walimcheka. Bi Mwanamkisi akasema matajiri wana mambo.

Lakini mimi nilikuwa nimeona upande wa ndani. Penye kwapa la kushoto pana kiraka cha kijani. Nilikitia mimi, kwa kitambaa cha kanzu yangu ya utotoni, mwaka aliofariki baba.

Nikamgeukia Bi Mwanamkisi. Akawa anatazama dari. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, huyu bwana ana boriti au hana. Akasema baba yake alikuwa nazo. Nikauliza na minazi. Akasema ilikuwepo, tena mizuri. Kisha akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtazama, akashuka ngazi kwa wepesi usiolingana na magoti yake.

Tarehe 18

Nimekasirika. Bwana huyu anakuja kuoa sahani ambazo si zetu, amevaa joho ambalo si lake. Na mimi nilikuwa nakwenda kuolewa na boriti ambazo hazipo. Paka wawili wamenyemeleana juu ya bakuli moja, na bakuli lenyewe tupu.

Tarehe 19

Bado nimekasirika. Mama ananiuliza mbona sili.

Tarehe 21, Jumanne

Nikimwambia mama, arusi itavunjika leo hii. Itavunjika kwa haki. Kisha tutakaa tukingoja mwingine mwenye mali ya kweli, dari litaanguka kabla hajapatikana, na yule bwana atachukua mawe yake.

Lakini si hilo linalonizuia kusema. Kila nikifumba macho namwona kichwa wazi mvuani, na joho la baba kavu chini ya mkono wake. Hakujua ni la nani. Alijua tu kwamba si lake. Mtu mwingine angejifunika nalo, la kuazima au la kwake, kwani nani angemwona? Nimekaa na mawazo hayo siku nne, na leo nimegundua kwamba natabasamu huku nikikamua matambara.

Tarehe 25, Jumamosi

Ami yangu Bwana Hamdun, ndugu wa baba na ndiye walii wangu wa ndoa, amekuja na mashahidi wawili kuniuliza idhini. Wao nje ya pazia, mimi ndani. Desturi ni binti kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Ami akauliza mara moja, akangoja. Nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimeolewa na kimya, na mimi nilitaka kuolewa kwa kusema.

"Naridhia," nikasema, wazi.

Ami akakohoa. Mama amenifinya hata sasa pana alama.

Mfunguo Nane, tarehe 1, Alhamisi

Nimeolewa. Mvua haikunyesha. Wino wenyewe nimeuficha chini ya mto.

Tarehe 4, Jumapili

Siku ya nne ya fungate. Hatutoki chumbani, haingii mtu ila Bi Mwanamkisi na sinia za chakula, na hata yeye siku hizi huziacha mlangoni na kukimbia. Mume wangu ni mpole, nimwandikie hilo. Lakini mpaka leo mchana maneno yetu yote yalikuwa "Umeshiba?" na "Nimeshiba, alhamdulillahi," kama wageni wawili waliokutana kwenye gati.

Baada ya adhuhuri ikaja mvua kubwa. Tone likamwangukia Ridhwani utosini. Akajifanya hakulihisi. La pili likaja, akasogea kidogo akaendelea kutazama mbele. Nikamwambia ni jasho la dari, nyumba za mawe hutoa jasho. Akasema naam, hata kwao. La tatu likatua kwenye ncha ya pua yake na kuning'inia pale, naye kwa adabu hakulipangusa.

Nikaondoka nikaleta bakuli. Kisha tasa, kisha sufuria ya biriani na biriani yake tumeimwaga kwenye sinia. Matone yakazidi vyombo. Moja kubwa likawa linapiga katikati ya kitanda, na mama siwezi kumwita. Ndipo Ridhwani akainuka, akaziendea zidaka, akazipitishia macho kama mtu aliye jikoni kwao, akaishusha sahani ya samaki, akaiweka kitandani chini ya tone.

"Hiyo usi..." nikasema, nikakwama. Ningemwambia nini? Kwamba ni ya watu?

"Hii ndiyo yenye kina," akasema, bila kunitazama. "Ile ya maua ina ufa kwa tini, kitakoni, haishiki. Hii nimelia uji tangu sina meno."

Tukalisikiliza tone likipiga. Nilimwona upya Bi Alawiya amesimama mbele ya zidaka, na ukucha wake penye ufa, na mama akimwambia ni za bibi wa bibi yangu. Nilitamani dari lianguke wakati ule ule. Lilipokataa kuanguka, nikasema:

"Basi na weye liondoe lile joho pale mlangoni, linaloa. Kile kiraka cha kijani nalikitia mimi."

Akageuka akalitazama joho. Akanitazama mimi. Masikio yake yakaiva mpaka nikayaonea huruma. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na langu, na hatukuweza kujizuia. Tulicheka kwa kuziba vinywa, yeye ameuma kilemba na mimi nimeuma mto, ili mama asisikie.

Tulipotulia akaniuliza, "Uliyua lini?"

"Ijumaa ile ulipolivua mvuani."

"Kabla ya kuulizwa idhini?"

"Kabla."

"Na ukaridhia."

"Nikaridhia."

Akaushika mkono wangu, kwa mara ya kwanza mchana, akaushika mpaka sahani ikajaa. Nilingoja aseme na yeye neno lake. Hakusema. Aliimwaga sahani dirishani, akairudisha, akatazama juu, akaniuliza ni boriti ipi iliyo mbovu zaidi.

Tarehe 8, Alhamisi

Fungate imekwisha na Ridhwani amekwenda. Biashara ya boriti ilikufa na baba yake, lakini mikoko, anasema, haikufa, na ana mikono. Ana jamaa zake wavuvi Mkokoni, huko bara mkabala na Kiwayu. Atakaa kwao akate mwenyewe boriti za chumba chetu na kuzileta kwa jahazi. Hajapata kushika shoka, ameniambia hilo pia. Joho ameliacha, limekunjwa.

Mama ameambiwa kwamba amekwenda kutazama biashara yake. Amefurahi sana.

Tarehe 11

Mvua.

Tarehe 12

Mvua. Kitanda nimekitoa kabisa.

Tarehe 15, Alhamisi

Jirani yetu Bi Saadiya amemwambia mama kwamba huko kisimani wanasema mume wangu aliingia, akaona, akakimbia. Wanasema alifuata mali akakuta maji. Nimecheka mbele ya Bi Saadiya. Baadaye sikucheka.

Kinachonikereketa ni hiki. Mimi nilijua kabla, nikachagua. Yeye, nadhani mama yake alimficha, amejua akiwa ameshaingia, mlango umeshafungwa nyuma yake, na alipopata nafasi ya kuniambia hata neno moja alitazama boriti. Pengine alikuwa akitafuta njia ya heshima ya kutoka. Nampenda. Nimeliandika na sitalifuta, lakini ni vibaya kumpenda mtu ambaye hujui kama alitaka kuwapo.

Tarehe 18, Jumapili

Asubuhi dari la chumba changu limeanguka upande mmoja. Hakuna aliyeumia, mama alikuwa kwenye daka. Chokaa, mawe, vumbi, na boriti moja imechomoza kama jino bovu. Nimekimbilia zidaka kabla ya kitu kingine. Sahani zote nzima.

Nikamweleza mama kila kitu, joho, sahani, Mkokoni. Nilitazamia anipige. Alikaa juu ya rundo la mawe, akajikung'uta vumbi la chokaa.

"Kwa hiyo joho la baba yako," akasema mwishowe, "lilitoka kwa mlango wa nyuma likarudi kwa mlango wa mbele." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, nami nikamshika kichwa chake kifuani mwangu. Nimemdhania siku zote kuwa ni mtu wa tamaa. Ni mwanamke aliyechoka kushikilia dari peke yake.

Tarehe 22, Alhamisi

Ami Hamdun amekuja. Yule bwana wa mawe yu tayari. Ami si mbaya, anaogopa tutafukiwa. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Tuuze, mwanangu, kabla haijatumaliza." Nimewaomba wangoje mpaka mwezi mpya uandame. Ami amekubali. Alipotoka alijipangusa maji shingoni.

Tarehe 24

Mvua. Hakuna habari ya Mkokoni.

Tarehe 25

Mvua.

Tarehe 27, Jumanne

Mchana wa leo, mvua ikinyesha kama imekasirishwa, mlango umegongwa. Nilishuka mbio nikidhani ni yeye. Alikuwa Bi Alawiya, ameloa toka utosi mpaka nyayo, na nyuma yake mchukuzi na sanduku moja.

Ghorofa yake ya Shela imeanguka jana. Alisimama pale kwenye daka, amenyooka kama siku ile, na kidevu chake kinatetemeka. Mama akatokea. Wakatazamana, na mimi katikati nilikuwa natafuta pa kujificha.

"Bi Alawiya," mama akasema, "karibu. Ila huku nako kunavuya."

"Nayua kwamba kunavuya," akasema. "Nalikaa chini yake ukanimwagia mrashi mzima."

Mama akafunika uso. Bi Alawiya akaingia, akavuka ukumbi moja kwa moja mpaka zidaka, akazitazama sahani zake moja moja.

"Zombo zangu zalinitangulia," akasema. "Haya, na mimi nimezifuata."

Nimempa kanga kavu na tangawizi ya moto, nikakaa kitako mbele yake, na kwa kuwa sina subira nikamuuliza papo hapo. Siku ile alipoziona sahani zake, kwa nini hakuivunja posa? Akasema ningefurahi kujua kwamba alitaka kuivunja. Alirudi Shela amejaa hasira, akamwambia mwanawe kila kitu.

"Nalimwambia, wamenidanganya kwa sahani zangu mwenyewe, nilizompa Bi Mwanamkisi aziazimishe kwa mchele, naye akasahau ni za nani. Akauliza, walizitunza? Nikamwambia, hilo ndilo linaloniuma zaidi, ufa ulionishinda mimi umezibwa, na lile pengo wameligeuza ukutani kama ninavyoligeuza mimi. Akateka hata meno yakaonekana. Akasema, mama, mtu atunzaye cha watu hivi, mimi namtaka."

"Alisema hivyo kabla ya arusi?"

"Kabla. Naye alikuwa hajakuona hata ukucha."

Nikainuka nikaenda jikoni. Nililia huko, kwa raha, na moshi ukasingiziwa. Alijua. Alikuwa anajua siku ile sahani iko kitandani na ameushika mkono wangu, na badala ya kusema alikwenda kukata miti. Nimeolewa na mtu asiyejua kujisifu hata pale ambapo mkewe anahitaji asifiwe kidogo. Nitamfunza.

Tarehe 30, Ijumaa

Mama na Bi Alawiya wanagombana juu ya chumvi. Mwezi unaandama leo.

Mfunguo Tisa, tarehe 1, Jumamosi

Ami Hamdun alikuja asubuhi pamoja na yule bwana, ambaye alileta kamba ya kupimia mlango. Nilimwambia Ami kwamba nyumba ni yangu na hapimi mtu. Akasema, kwa upole, "Mwanangu, mumeo yuko wapi?" Yule bwana akaanza kupima.

Alikuwa bado amepiga magoti kizingitini sauti za wachukuzi ziliposikika ndiani. Wanabeba boriti mabegani, wawili wawili, matope ya mikoko hayajakauka, na ndia yetu ni nyembamba hata ikambidi bwana yule ainuke, arudi nyuma, na arudi tena nyuma, na kamba yake mkononi, mpaka akajikuta nje kabisa. Wa mwisho alikuwa Ridhwani. Kanzu imechanika, mikono imefungwa matambara, masikio yameungua kwa jua. Ami akamtazama, akamtolea salamu, kisha akaichukua ncha ya boriti ya mwisho akasaidia kuiingiza.

Mbele za watu nilimsalimu tu. Nilipomfungua matambara ndani, malengelenge yametoka juu ya malengelenge, nikamwambia, "Ulijua kabla, na hukuniambia."

"Naliogopa ungeona najisifu," akasema.

"Jisifu."

Masikio yakaiva. "Nalikutaka wewe, Shifaa. Sahani naliacha kuzifikiria."

Tarehe 9, Jumapili

Jana na leo tumepigilia dari. Boriti zimepangwa, mawe yamewekwa, chokaa imemwagwa, na jirani wote wako juu na vigongo, wanaimba na kupiga kwa mfuatano mpaka mji mzima unatikisika. Bi Saadiya wa maneno ya kisimani ndiye anayeongoza nyimbo. Mama na Bi Alawiya wanapiga bega kwa bega na kila mmoja anasema mwenziwe anapiga vibaya. Chumba cha Bi Alawiya kitakuwa kile cha nyuma, amekwishakichagua bila kuuliza.

Tarehe 14, Ijumaa

Bi Mwanamkisi ameonekana, baada ya kutukimbia mwezi mzima. Yuko na arusi Langoni, bwana arusi ni tajiri sana, anaomba joho. Sote wanne tulimtazama mpaka akaanza kutoka jasho. Kisha Ridhwani akaenda akalileta, nami nikakikaza kiraka kwanza. Akaomba na sahani. "Hizo hapana," mama na Bi Alawiya wakasema pamoja, ndilo jambo la kwanza waliloafikiana tangu wakae nyumba moja.

Tarehe 20, Alhamisi

Mvua kubwa mchana, nadhani ndiyo ya mwisho ya masika haya. Tuliketi chumbani wote wanne, hakuna aliyesema tumekuja kungoja nini. Ilipiga juu kwa nguvu, ikapita, na ndani halikushuka tone. Mama alipapasa mkeka kwa kiganja, akaupapasa tena, kisha akalala papo hapo, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki.

Nilipoinuka kuzipangusa zidaka nikaona ile sahani ya samaki imegeuzwa. Pengo linaangalia chumbani, kila aingiaye aweza kuliona. Nikanyoosha mkono nilirudishe ukutani.

"Iwate," akasema Bi Alawiya nyuma yangu. "Nimeigeuza mimi. Hapa kwetu hakuna mgeni."

Nikaiacha.